Nimechaguliwa kuwa shemasi, kazi yangu ni ipi hasa?

SWALI: Shikamoo mwalimu, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Nachingwea, nasali katika kanisa dogo la Kipentekoste, tuko kama watu sabini. Mwezi wa sita nilichaguliwa kuwa shemasi pamoja na mama mwingine na baba mmoja. Tangu siku hiyo kazi yangu ni kufagia, kupanga viti, kubeba begi la mchungaji na kuwapikia wageni wake. Yupo mjane mwenzetu, mume wake alifariki mwaka jana na shamba la mikorosho limechukuliwa na upande wa mume. Nilipouliza kama kanisa linaweza kumshika mkono, mzee wa kanisa alinijibu kwamba mambo ya fedha si ya mashemasi. Kaka yangu ni Mkatoliki, anafanya kazi Ndanda. Ananicheka, anasema shemasi wa kweli anabatiza na kufungisha ndoa, sisi tumejipachika jina tu, tena mwanamke hawezi kuwa shemasi. Naomba unieleze, kazi ya shemasi ni ipi? Na je, nikiukataa wadhifa huu nitakuwa nimekosea?

JIBU: Marhaba mama, na amina. Nianze na kaka yako, maana naona kicheko chake kimekuuma kuliko ufagio.

Kwa kanisa lake hajakosea. Kwa Wakatoliki ushemasi ni ngazi ya kwanza ya Daraja Takatifu. Juu yake kuna upadre, kisha uaskofu. Shemasi huwekewa mikono na askofu. Husoma Injili kwenye Misa, huhubiri, hubatiza, husimamia ndoa na kuongoza mazishi, ila hawezi kuadhimisha Misa wala kuungamisha. Huku kwetu mara nyingi anayeitwa shemasi ni kijana wa seminari aliyebakiza hatua moja kuwa padre, ndiyo maana kaka yako akisikia neno hilo anaona kanzu nyeupe na kitabu kikubwa. Lakini mwaka 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifungua tena mlango wa ushemasi wa kudumu, ambao hata mwanamume mwenye mke, akishatimiza miaka 35 na mkewe akaridhia, anaweza kuupokea na kubaki nao mpaka kufa. Mwulize kama hilo amewahi kulisikia.

Waanglikana nao wana ngazi hizohizo tatu, na historia yao imepita hapo jirani kwenu. Misheni yao, iliyoitwa UMCA, ilipofika Masasi mwaka 1876 ilikuja na watu waliokombolewa utumwani. John Swedi, mmoja wa wavulana waliotolewa utumwani na kulelewa Unguja, alipewa ushemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, aliyehudumu Chitangali, akawa kasisi mwaka 1890 baada ya kupita kwanza kwenye ushemasi. Kwa hiyo neno hili si geni kusini. Limekuwa likitamkwa makanisani kwetu tangu kabla Mjerumani hajajenga boma.

Ukivuka barabara kwa Wasabato utakuta mambo mengine. Mashemasi wao, wa kiume na wa kike, huchaguliwa na washiriki kwa muda maalumu, na siku ya Meza ya Bwana ndio wanaoandaa mabeseni na taulo za kutawadhana miguu. Kwa Wabaptisti ofisi za kanisa kwa kawaida ni mbili tu, mchungaji na shemasi. Walutheri utawasikia zaidi wakisema diakonia, wakimaanisha kazi yote ya huruma. Kwenu Wapentekoste desturi iliyoenea ni kwamba mzee wa kanisa anashughulika na mafundisho na nidhamu, shemasi anashughulika na mahitaji ya mwili. Kaka yako amepima nguo yako kwa mwili wake, basi. Usigombane naye.

Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu Wakristo, wanaosema shammas, nao walilipokea kutoka Kisiria, ambako maana yake ni mtu anayehudumu. Agano Jipya liliandikwa kwa Kiyunani, na huko neno ni diakonos. Usilivishe joho haraka. Kwenye arusi ya Kana, Yohana sura ya pili, wale walioambiwa wajaze mabalasi maji wanaitwa kwa neno hilohilo. Biblia yetu imewaandika kuwa watumishi. Na Yohana anasema wao walijua divai ile ilikotoka, wakati mkuu wa meza mwenyewe hajui. Mbeba ndoo alijua habari kabla ya mheshimiwa.

Sasa fungua Matendo sura ya sita, maana hapo ndipo nataka tukae.

Kanisa la Yerusalemu lilikuwa linagawa chakula kila siku. Ndani yake kulikuwa na Wayahudi wenyeji, na Wayahudi waliokulia nchi za mbali ambao lugha yao ilikuwa Kiyunani. Wajane wa hawa wa pili wakawa wanarukwa kwenye mgao, manung'uniko yakaanza. Angalia neno lililotumika: walisahauliwa. Haisemwi kwamba yupo mtu aliyekaa usiku akapanga kuwanyima. Mgawaji humwona anayemfahamu. Yule ambaye lugha yake huijui, hata njaa yake huisikii. Chukua kanisa lenu hapo Nachingwea. Tangazo la msaada likipita kwa Kimwera, barazani, kwa watu waliokua pamoja, aliyehamia juzi kutoka kwingine atalisikia wapi?

Mitume hawakuunda kamati ya kuchunguza nani ana kosa. Walisema wao wabaki na maombi na neno, na watu wachague saba walioshuhudiwa kuwa wema, wenye kujaa Roho na hekima, wasimamie jambo hili. Yasome majina ya hao saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote saba ni ya Kiyunani. Ni kweli Wayahudi wengi wa wakati ule walikuwa na majina ya namna hiyo, lakini saba kwa saba inatia mtu wazo kwamba waliokuwa wakilalamika ndio waliokabidhiwa sufuria. Mimi kila nikiisoma hiyo orodha nachekea moyoni, kisha najiuliza ni makanisa mangapi kwetu yangethubutu.

Kwa haki niseme kwamba sura ile haiwaiti wale saba mashemasi. Kitendo cha kuhudumu kipo, cheo hakijatajwa. Cheo tunakikuta Wafilipi 1:1, Paulo anaposalimu maaskofu na mashemasi kwa pamoja. Mapokeo ya kanisa ndiyo yaliyowahesabu wale saba kuwa mashemasi wa kwanza, na mimi nafuata hapo. Tena ukiendelea kusoma utamkuta Stefano akihubiri mpaka anapigwa mawe, na Filipo akimbatiza towashi Mwethiopia njiani. Kwa hiyo mtu asikuambie shemasi ni mikono tu, mdomo hana.

Kuhusu mwanamke: Warumi 16:1 Paulo anamtambulisha Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, bandari iliyokaa jirani na Korintho kama Mikindani ilivyokaa jirani na Mtwara. Neno lililotafsiriwa mhudumu ni lilelile, diakonos. Halafu 1 Timotheo 3:11, katikati ya maneno kuhusu mashemasi, Paulo anataja wanawake. Biblia yetu imeandika "wake zao", lakini neno la Kiyunani linaweza kuwa wake au wanawake, na wataalamu wamebishana hapo kwa karne nyingi. Kanisa la Mashariki karne za mwanzo lilikuwa na mashemasi wanawake, hasa kwa ajili ya ubatizo wa wanawake, kwa sababu watu walibatizwa wakiwa wamevua nguo na kupakwa mafuta mwilini, na heshima haikuruhusu mwanamume afanye hayo. Kanisa Katoliki leo haliwapi wanawake daraja hilo. Lako linawapa, na ndilo lililokuchagua. Hukujipachika kitu.

Sasa tuje kwenye viti.

Usividharau, ila nikusimulie aibu yangu. Nilichaguliwa shemasi nikiwa na miaka 26, kwenye kanisa dogo nje ya Lindi mjini. Kazi niliyopewa ilikuwa kama yako, viti na hesabu ya waliohudhuria. Nikawa hodari. Kila Jumapili, sadaka ikianza kupita, mimi nasimama nyuma nahesabu vichwa kwa kufuata safu za viti, naandika kwenye daftari, nampelekea katibu. Palikuwa na bibi mmoja ambaye miguu ilikuwa imemvimba, kiti kilimtesa, kwa hiyo alikuja na mkeka wake akautandika pembeni ya mlango, akanyoosha miguu hapo mpaka ibada iishe. Jumapili moja hakuja. Ya pili hakuja. Hesabu yangu ilikuwa sawasawa kabisa, maana bibi yule hakuwa kwenye kiti, na mimi nilihesabu viti. Jumapili ya tatu, watu wanatoka, jirani yake akasimama nje ya kanisa na kanzu yake, Mwislamu, mtu mzima, akauliza kwa upole kabisa: "Nyinyi, bibi yenu mnajua kuwa ni mgonjwa?" Yeye na mkewe ndio waliokuwa wakimpelekea uji wiki zote hizo.

Sikumbuki mahubiri ya siku ile. Nakumbuka nilivyolitazama lile daftari.

Baadaye, nikiwa chuo cha Biblia, nilisoma habari za Justino, Mkristo aliyeeleza ibada ya Jumapili ilivyokuwa Roma katikati ya karne ya pili. Anasema baada ya mkate na kikombe kubarikiwa, mashemasi huwagawia waliopo, kisha huwapelekea wasiokuwepo. Nilipofika hapo nilifunga kitabu kwanza. Kwamba kanisa la mwanzo lilikuwa na watu ambao kazi yao, ibada ikiisha, ni kuondoka na sehemu ya yule ambaye hakuja! Mtu hawezi kuifanya kazi hiyo kama hajui nani hakuja na anakaa wapi.

Kwa hiyo mama, panga viti. Ila unapopanga, jua kila kimoja ni cha nani, na ibada ikiisha uliza kilichobaki kitupu kimekosa mtu kwa sababu gani. Wakati mwingine jibu litakuwa kasafiri kwenda Masasi kumsalimia mwanawe. Wakati mwingine litakuwa hana nguo ya kuvaa, au ana deni kwa mtu anayekaa safu ya mbele. Hayo huambiwa mtu wa ufagio, mchungaji haambiwi.

Begi la mchungaji ni jambo jingine. Kumkarimu mtumishi ni heshima yetu, na siku akiwa na mzigo mzito umpokee kama ungempokea mtu yeyote mzima. Lakini ikiwa kila Jumapili shemasi watatu wanagombania begi moja lenye Biblia na chupa ya maji, huku wagonjwa hawajatembelewa, hapo ushemasi umegeuzwa utumishi wa nyumba ya mtu mmoja. Mitume walikataa kuhudumu mezani ili wapate nafasi ya neno. Hawakusema wahudumiwe wao. Hili usilisemee kwenye mkutano. Mwombe mchungaji dakika kumi, nenda na yule mama mwenzako, mwambie: baba, tunaomba ridhaa yako Jumapili mbili kila mwezi baada ya ibada tuwe kwenye nyumba za wagonjwa badala ya jikoni. Wachungaji wengi wakiombwa hivyo hukubali, tena wanajisikia vibaya kwamba hawakuliwaza wenyewe.

Fedha. Mzee wako amesema nusu ya ukweli. Ni kweli shemasi hapaswi kushika mfuko peke yake wala kuamua peke yake. Lakini kusema mambo ya fedha si ya mashemasi ni kuisahau Matendo sita nzima, na ni kuisahau historia. Karibu mwaka 251 askofu Kornelio wa Roma aliandika barua akitaja hesabu ya watu wa kanisa lake: makasisi 46, mashemasi 7, na wajane na wahitaji zaidi ya 1,500 waliokuwa wakilishwa. Saba kwa elfu moja na mia tano! Walikuwa na kazi hao. Na kuna simulizi mashuhuri ya Laurensio, shemasi wa Roma aliyeuawa mwaka 258, kwamba alipoamriwa akabidhi hazina ya kanisa aliwakusanya maskini akawaleta, akasema hazina ndiyo hii.

Tazama pia sifa ambazo Paulo anazidai kwa shemasi kwenye 1 Timotheo 3:8: asiwe wa kauli mbili, asiwe wa mvinyo mwingi, asitamani fedha ya aibu. Kwa nini hayo matatu? Kwa sababu shemasi anaingia nyumba za watu na kutoka na siri zao, anakaa kwenye karamu zao, na anapita na mfuko. Kama fedha isingekuwa kazi yake, onyo la tatu lisingekuwa na maana.

Utaratibu ninaoupendekeza kwa kanisa la watu sabini ni huu. Sadaka ihesabiwe mezani, mlango wazi, na watu watatu wasio wa nyumba moja, shemasi mmoja akiwamo. Zile noti za elfu zilizokunjwa mara nne mpaka zimekuwa kama tembe zinyooshwe kwanza, sarafu zipangwe vichuguu, kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, wote watatu watie sahihi kabla mtu hajainuka. Fedha isilale kwenye simu ya mtu. Mazao yaandikwe pia: debe la mbaazi, kuku, korosho za sadaka. Nimewahi kuona jogoo mmoja akinadiwa kanisani Jumapili mbili mfululizo, na mpaka leo sijaelewa. Kisha wazee ndio waamue ni sehemu gani ya sadaka iwe ya wahitaji, mashemasi walete majina na kueleza hali waliyoiona kwa macho, mhazini atoe, mashemasi wapeleke na kurudisha taarifa. Paulo mwenyewe, alipobeba mchango wa makanisa kwenda Yerusalemu, alifuatana na watu waliochaguliwa ili asije akalaumiwa, 2 Wakorintho 8. Ukimwonyesha mzee wako mpango wa namna hii ataona hutaki ufunguo wa sanduku.

Na lipo jambo la kwetu ambalo vitabu vya Ulaya havitakuambia. Sadaka ya kusini inafuata korosho. Minada ikianza Oktoba na malipo yakiingia, kapu linajaa, kanisa linanunua vipaza sauti. Ikifika Februari, ghala la nyumbani limekwisha na mahindi mapya yako shambani bado mabichi, kapu lina sarafu, na hapohapo ndipo wajane wanapopiga hodi. Mwenye njaa wakati huo ndiye anayemwendea mtu wa kangomba, anapewa fedha kidogo leo kwa korosho za msimu ujao, na msimu ukifika hana cha kupeleka chama cha msingi. Shemasi mwenye akili husimama Novemba, wakati watu wana furaha, akaomba fungu litengwe lisiguswe mpaka Februari. Nimeona gunia mbili za mahindi zilizonunuliwa mapema zikiokoa shamba la mtu lisiuzwe likiwa bado na maua.

Sasa mjane wenu. Hapa nenda polepole, kwa sababu unaingia kwenye mambo ya ukoo. Kwa asili, Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua tunahesabu ukoo kwa mama, mtoto ni wa mjomba wake. Mwanamume akifa, wanaofika kudai ni dada zake na wapwa zake, na wao wanajiona wako kwenye haki. Lakini mila hiyohiyo inamtambua mjane kuwa ana kaka na wajomba wake, na hao ndio wa kuulizwa kwanza wako wapi. Mara nyingi wapo, ila wanaona aibu kuanza maneno. Kanisa likimfuata kaka wa mjane na kukaa naye barazani, mambo mengine hulainika bila kelele.

Yasipolainika, mjane ajue mambo mawili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Na msimamizi wa mirathi huteuliwa na mahakama; kikao cha ukoo kinapendekeza tu. Wewe si wakili wala hakimu, usitoe hukumu kuhusu mikorosho ya nani. Kazi yako ni kumsindikiza: kwa mtendaji wa kijiji, kwa msaidizi wa kisheria kama yupo karibu, kwa ofisi ya ustawi wa jamii. Kukaa naye kwenye benchi akingoja kuitwa ni ushemasi kamili. Wakati huohuo ale, na watoto wasikose daftari la shule, jambo ambalo halingoji hukumu.

Umeuliza kama ukatae. Paulo anasema mashemasi wajaribiwe kwanza. Mimi ningeliomba kanisa miezi sita ya majaribio, na ningemwambia mchungaji mapema kwamba mwisho wake tutakaa tena tuzungumze. Ukikuta bado ni begi na jiko tu, rudisha wadhifa kwa adabu. Kumtembelea mjane hakuhitaji cheo.

Ila usisubiri miezi hiyo ndipo umwone. Nenda wiki hii, wewe na yule mama mwenzako, na kama mzee wa kanisa atakubali, naye awepo, ili aone mwenyewe anachokiita mambo ya fedha. Msiende asubuhi. Msimu huu asubuhi atakuwa ameenda kuokota korosho kwenye mashamba ya watu kwa kibarua, mtamkosa.